Mtoto mrefu wa Kitaya na safari ndefu ya Hasheem Thabeet

Kwenda Kitaya kutoka Mtwara mjini ni kuipa bahari mgongo. Gari linapita katikati ya mikorosho, saa nzima mikorosho, huku chini ya kila mti pamefagiliwa safi kama ua wa nyumba, maana korosho huokotwa chini na hakuna anayetaka kuzitafuta kwenye majani. Kisha lami inakwisha. Udongo unabadilika rangi, nchi inaanza kushuka, na mbele inaonekana mistari miwili ya kijani: wa karibu ni mpunga wa Tanzania, wa mbali ni miti ya Msumbiji. Katikati yake ndipo ulipo mto Ruvuma.

Wakati wa kiangazi mto huu unaonekana mpole. Unajigawa, unaacha visiwa vya mchanga, na mitumbwi inavuka na abiria, ndoo za samaki na madumu. Masika ukifika, mto huohuo huingia mashambani bila hodi. Wenyeji wanajua pia wakazi wake wengine, yaani viboko wanaopanda usiku kula mpunga, na mamba wanaowafanya kina mama wachote maji kwa kuangalia kushoto na kulia.

Kitaya imezoea kuishi mpakani, pamoja na gharama zake. Kati ya 1964 na 1974, Wamsumbiji walipopigania uhuru wao, vijiji vya ukingo huu viliishi karibu na vita. Oktoba 2020 kijiji chenyewe kilivamiwa na watu wenye silaha waliotokea ng'ambo. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa. Kwa hiyo mzazi wa hapa anapowaza kumtoa mtoto aende mbali, si lazima awe na tamaa. Wakati mwingine ni hofu inayozungumza, na hofu ikikutana na mtu mwenye maneno matamu, pesa hutoka haraka.

Ndivyo ilivyokuwa karibu kutokea kwa mama mmoja wa kijijini hapa, ambaye jina lake linahifadhiwa kwa sababu habari hii inamhusu mtoto.

Suruali iliyokimbia mafuriko

Mwanawe ana miaka 14, yuko kidato cha kwanza, na amekwisha kuupita mlango wa nyumba yao. Akiingia anainama, akisahau anaumia. Suruali ya shule iliyoshonwa Januari ilifika kwenye kisigino. Ilipofika Agosti ilikuwa imepanda hadi karibu na nusu ya muundi, na wenzake wakamwambia anakimbia mafuriko. Wanamwita Mlingoti. Walimu wapya wanadhani amekariri madarasa. Kwenye kazi za mtaa anapewa mzigo wa mtu mzima kwa sababu mwili wake unasema ni mtu mzima, ingawa jioni bado hulilia kipande kikubwa cha samaki kama mdogo wake.

Mpira wa miguu ulimpeleka golini, na golini akaonekana mzito kuokota mipira ya chini. Mahali pekee anapojisikia vizuri ni kwenye uwanja wa shule ya msingi aliyosoma, ambako pamesimama nguzo ya mpira wa pete ya wasichana. Pete yake imepinda kidogo. Wasichana wakimaliza mazoezi, yeye hubaki akirusha mpira hadi giza liingie.

Mwaka huu, kabla ya minada ya korosho kuanza, simu ililia. Alikuwa mjomba wa mtoto, mdogo wake mama, anayeishi Mtwara mjini. Katika familia za Kimakonde, ambako ukoo umefuata upande wa mama tangu zamani, mjomba si mgeni wa sikukuu. Ana sauti katika malezi ya watoto wa dada yake, na akisema neno linasikilizwa.

"Dada, nimepata mtu wa kumsaidia Mlingoti wetu," alisema. "Ana watu wake Dar, na hao wana watu wao nje. Anasema urefu ule ni mali. Hukumbuki habari za Hasheem Thabeet?"

"Namkumbuka. Na huyo mtu anataka nini?"

"Laki tano za kuanzia. Za fomu na pasipoti."

Laki tano ni korosho za msimu zilizokwisha kupangiwa kazi: bati, ada ndogondogo, deni la dawa ya kupulizia mikorosho. Mama akamwambia mdogo wake, "Nipe siku chache, baba." Kisha akamwomba binti wa jirani, anayesoma chuo Mtwara na aliyekuwa likizo, amtafutie kwenye simu maisha ya huyo Hasheem, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakutaka picha. Alitaka kujua alipita wapi.

Alipita wapi

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Baba yake alifariki akiwa bado kijana mdogo, na mama yake, Rukia Manka, akabaki na jukumu la familia. Mpira wa kikapu hakuugusa hadi alipokaribia miaka 15. Urefu ulitangulia, mchezo ukafuata.

Kutoka Dar alikwenda Marekani, akapita zaidi ya shule moja kabla ya kutulia Houston, Texas, katika shule ya Cypress Christian. Hapo ndipo vyuo vikuu vilipoanza kumfuatilia. Mwaka 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun, mmoja wa makocha wakubwa wa vyuo nchini humo.

Alicheza senta, yule mrefu anayekaa karibu na kikapu. Kazi ya senta ni ya ulinzi kwanza: kuzuia mpira wa adui usiingie na kuudaka ule uliokosa kuingia. Akiwa na mita 2.21, Thabeet alikuwa kama ukuta uliojifunza kutembea. Katika misimu mitatu alizuia mipira zaidi ya 400. Mara mbili, 2008 na 2009, alitajwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East, na katika msimu wa mwisho alikuwa na wastani wa pointi 13.6 na kudaka mipira 10.8 kwa kila mchezo. Chuo chake kikafika nusu fainali ya taifa mjini Detroit, kikafungwa na Michigan State.

Tarehe 25 Juni 2009, mjini New York, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya, jina lake lilitajwa la pili. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin. Wa tatu alikuwa James Harden. Stephen Curry, ambaye leo watoto wanavaa jezi yake hadi vijijini, alisubiri hadi nafasi ya saba. Mtanzania wa kwanza katika NBA alitangulia mbele yao.

Binti aliposoma hadi hapo, mama akatabasamu. "Basi mdogo wangu hakudanganya."

"Bado, mama. Haijaisha."

Siku ya kuzaliwa iliyomwangusha

Kuna mchezo mmoja ambao kila mzazi wa mtoto mrefu angefaa kuujua. Ilikuwa tarehe 16 Februari 2009, siku Thabeet alipotimiza miaka 22. Chuo chake kilicheza na Pittsburgh, ambako kulikuwa na DeJuan Blair, senta mfupi kuliko yeye kwa takriban sentimita 20, lakini mpana, mwenye nguvu za miguu na aliyecheza tangu utotoni. Katika kugombea mpira, Blair alimbeba Thabeet mabegani na kumpindua hadi sakafuni. Siku ile Blair alifunga pointi 22 na kudaka mipira 23. Thabeet alipata pointi 5.

Mwisho wa msimu wawili hao waligawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao, kwa hiyo si kwamba mmoja alikuwa bure. Ila siku ile ilionyesha kilichokuwa kinamsubiri mbele. Urefu humfikisha mtu mlangoni. Ndani wanaulizia miguu inasimama vipi, mikono inashika vipi, na akili inausoma mchezo kwa haraka gani. Hayo hujengwa kwa miaka, naye alikuwa na miaka saba tu tangu aguse mpira, huku wenzake wakiwa nao tangu darasa la pili.

Memphis Grizzlies, timu iliyomchagua, ilimpa nafasi ndogo. Februari 2010, hata mwaka haujaisha, ilimpeleka kwa muda Dakota Wizards, timu ya ligi ya chini, akapate dakika za kucheza. Wakati huo hakuwahi kushushwa huko mchezaji aliyechaguliwa nafasi ya juu kama yake. Februari 2011 akapelekwa Houston Rockets. Machi 2012 Portland Trail Blazers. Kisha Oklahoma City Thunder, akiwa na Kevin Durant, ambako msimu wa 2012/13 aliingia uwanjani mara 66. Kufikia mwaka 2014 mlango wa NBA ulikuwa umefungwa. Jumla alicheza michezo 224, kwa wastani wa pointi 2.2.

Marekani waandishi wengi wamemweka kwenye orodha za wachezaji waliochaguliwa juu wakashindwa kufikia matarajio. Ni hukumu inayotolewa na watu waliokaa kitini.

Kwa sababu baada ya hapo hakuacha. Alirudi ligi ya chini. Mwaka 2017 akaenda Japani kuchezea Yokohama. Mwanzoni mwa 2020 akajaribu tena Marekani, na mwaka huohuo akaenda Taiwan, ambako alicheza misimu kadhaa na kurudi kuwa yule mzuiaji aliyejulikana Connecticut. Baadaye akarudi nyumbani akavaa jezi ya Dar City, klabu ya jijini Dar es Salaam. Mtu aliyeandikiwa kwamba ameshindwa akiwa na miaka 27 alikuwa bado anaishi kwa mchezo uleule miaka kumi baadaye. Kwa mzazi, hilo nalo ni la kuhesabu.

Nchi ndogo, watoto warefu

Yuko mtu mwingine wa mita 2.21, ambaye maisha yake yanasaidia kuielewa safari hii. Ni Arvydas Sabonis wa Lithuania, nchi ya Ulaya yenye watu wasiofika milioni tatu, wachache kuliko wakazi wa Dar es Salaam peke yake. Kule mpira wa kikapu ndio mchezo wa kwanza, kama soka kwetu. Mtoto akirefuka, hakuna anayemwita Mlingoti akaishia hapo. Mwalimu wa michezo anamwona, timu ya mtaa inamwona, na anapewa mpira.

Sabonis alianza kucheza akiwa na miaka 13 mjini Kaunas, mji wake. Miaka mitatu baadaye, 1981, alikuwa tayari kwenye timu ya wakubwa ya Žalgiris ya mji huohuo. Hakulazimika kuvuka bahari ili afundishwe kusimama. Naye hakupata njia nyoofu: Portland ilimchagua mwaka 1986, lakini siasa za Muungano wa Kisovieti na majeraha mabaya ya kano za kisigino vilimchelewesha hadi 1995, alipokuwa na miaka 30. Alifika mguu ukiwa umechoka, na bado alikuwa miongoni mwa masenta wenye akili zaidi ya mchezo, kwa sababu msingi wake uliwekwa mapema na watu waliomjua.

Urefu sawa, hadi sentimita. Kilichotofautiana ni kile kilichomzunguka kila mmoja alipokuwa na umri wa yule mtoto wa Kitaya.

Hapa ndipo mzazi wa Kitanzania anaweza kukata tamaa bure. Haiwezekani kuibeba Kaunas kuileta Ruvuma. Lakini mtoto anaweza kupewa baadhi ya vitu vilevile: mpira mapema, mwalimu anayemwangalia, na shule isiyokatishwa. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari yana ngazi zake, kutoka shule hadi wilaya, mkoa na taifa, na mpira wa kikapu umo kwenye UMISSETA. Mwaka 2021 mashindano hayo ya kitaifa yalifanyika Mtwara mjini, si mbali na mikorosho hii. Ngazi hiyo haidai laki tano kwa mtu usiyemjua.

Maswali matatu

Mama hakumgombeza mdogo wake. Alimpigia jioni, baada ya kula, mtoto akiwa amekaa pembeni.

"Shikamoo mjomba," mtoto alianza.

"Marahaba mwanangu. Umekua?"

"Nimekua, mjomba."

Mama akachukua simu. "Mdogo wangu, nakushukuru, mtoto ni wako pia. Muulize huyo mtu mambo matatu. Shule atakayosoma inaitwaje, ili mwalimu wetu aipigie? Nani atashika pasipoti ya mtoto na cheti chake cha kuzaliwa? Na akiumia mguu asiweze kucheza, nani atamtibu, na atarudi kwa nauli ya nani?"

Upande wa pili palikuwa kimya kidogo. Mjomba akasema atauliza. Siku tatu baadaye akapiga. Mtu yule alijibu kwamba mambo ya shule yatajulikana wakifika, nyaraka zote atatunza yeye, na la kuumia si vizuri kulitamka mapema. Mjomba mwenyewe, aliyelileta jambo hili kwa nia njema, ndiye aliyelifunga. "Dada, hela ya korosho iache ifanye kazi yake."

Maswali hayo matatu anaweza kuyauliza mzazi yeyote, awe Kitaya, Kariakoo au Kisumu. Afrika wapo vijana waliochukuliwa kwa ahadi za kikapu au soka, wakaachwa kwenye miji wasiyoijua, bila shule na bila nauli. Mwenye nia ya kweli hujibu kwa jina, namba na maandishi, na hakasiriki kuulizwa. Anayetaka pesa kabla ya jina la shule amekwisha kujibu.

Mengine ni ya nyumbani. Mtoto anayerefuka kuliko wenzake anahitaji chakula cha kutosha na usingizi, si mizigo ya watu wazima kwa sababu tu anaonekana mkubwa. Akilalamika magoti au kifua, au akiishiwa pumzi haraka, apelekwe kwa daktari. Baadhi ya watu warefu na wembamba sana huwa na tatizo la kuzaliwa nalo la mishipa mikubwa ya moyo, na ni vyema lijulikane kabla ya mazoezi makali. Na jina la utani likianza kumuuma, mzazi alisikie.

Pete iliyopinda

Mwalimu wa michezo wa sekondari anayosoma mtoto huyu alipoelezwa, alifanya jambo dogo. Alichukua futi ya fundi akaenda kupima ile nguzo ya mpira wa pete. Pete ya wasichana, kwa mujibu wa sheria za mchezo, hukaa mita 3.05 kutoka ardhini. Ndio urefu uleule wa kikapu cha NBA. Tofauti ni kwamba pete ya wasichana haina ubao nyuma yake wa kuusaidia mpira, na ni nyembamba: sentimita 38 upana, wakati kikapu kina sentimita 45.

Maana yake ni kwamba kwa miezi yote ile, bila kujua, mtoto alikuwa anajifunza kwenye tundu gumu zaidi.

Mwalimu ameahidi kumwandikisha katika mchujo wa wilaya wa UMISSETA, iwapo maksi zake za hesabu zitapanda. Mama amekubali masharti yote mawili. Suruali mpya imeshonwa, na safari hii fundi ameambiwa akunje pindo refu ndani, la kufunguliwa kila baada ya miezi mitatu.

Jioni, jua likishukia upande wa juu wa mto, wasichana humaliza zamu yao na kumwachia mpira. Mdogo wake husimama chini ya pete kuuokota. Kazi ya kuhesabu ni yake, na anahesabu kwa sauti kubwa, inayoingiwa na inayokosewa.